Ndege wa Kweli, Mahali pa Uwongo

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikizungumza juu ya tungo na watungaji, na huenda leo wakastaajabu kuona nimeviacha vina na mizani nikaja na habari za kamera na kompyuta. Nawaomba wanivumilie. Jambo lenyewe nililitenda mimi, na aibu yake aliibeba mtu asiyestahiki, mbele ya wazee na mbele ya wageni. Nimeona ni heri nilieleze kwa kalamu yangu kuliko kungoja lielezwe barazani, likatiwa chumvi na pilipili.

Kuna kijiji kimoja cha wavuvi katika mwambao wetu ambacho sitakitaja jina, kwani shauri lake halijakwisha. Kiko kando ya hori, na maji yakipwa hubaki tope pana jeusi lililozungukwa na mikoko. Katika tope hilo, kila mwaka kuanzia mwezi wa Agosti, hutua ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha mvuvi. Wataalamu wa ndege humwita Dromas ardeola. Mimi nitamwita mla-kaa, kwani hiyo ndiyo kazi yake mchana na usiku. Hana ndugu wa karibu: katika daftari za wataalamu yuko peke yake katika ukoo wake.

Mla-kaa hazai kwetu. Huzaa katika visiwa na fukwe za Bahari ya Sham, za Ghuba, za Omani na za Somalia. Nako hatagi juu ya mchanga kama wafanyavyo ndege wengine wa pwani, bali huchimba shimo refu, akaingia ndani, akataga aghalabu yai moja tu jeupe, na joto la mchanga likamsaidia kazi ya kulilalia. Mtoto akiweza kuruka huja naye huku kusini, na hata akiwa huku, naye keshavuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, utamwona anamfuata mzazi wake akililia kaa, na mzazi anampa. Wazee wa kijiji wanawapenda ndege hawa kwa sababu hiyo. Wanasema ni wageni wa Arabuni waliokuja na watoto wao.

Basi akatokea mwenye fedha mmoja aliyenunua ardhi kando ya hori, akataka kulifukia lile tope ajenge. Wazee wakapinga. Kikao kikatengwa cha kusikiza pande zote mbili, na katika makaratasi ya upande wa pili ikaandikwa kwamba ndege hawatui hapo ila kwa nadra, na kwamba hakuna jiwe lolote lililokwisha kuwekwa. Wazee wakaniijia mimi, kwa kuwa najulikana kwa kuandika, wakanambia: "Bwana, sisi maneno yetu ni ya midomo. Tutafutie ushahidi wa macho."

Mwana wa ndugu yangu ana studio mjini, anapiga picha za maarusi na za paspoti, na siku za mapumziko yake hupiga picha za ndege kwa mapenzi tu. Nikampeleka. Alikaa tumbo wazi katika tope tangu alfajiri, amejifunika gunia, mpaka ilipofika saa tatu ya asubuhi, wakati wa dhuha, maji yamekupwa barabara, akapata picha moja ambayo hata leo nikiiona moyo wangu hucheza. Ndege sitini na wanne, nimewahesabu mwenyewe, wamesimama safu, na mbele yao kabisa mtoto mmoja amefungua mdomo na mamaye ana kaa.

Lakini nyuma yao! Nyuma yao palikuwa na chupa za plastiki, na mifuko, na gurudumu bovu la lori lililozama nusu, na ngalawa iliyooza, na kando, upande wa kulia, ukuta mpya wa matofali ya saruji. Mimi ni mtunga mashairi, na ugonjwa wa watunga mashairi ni kupenda vitu viwe vizuri. Nikamwambia, "Hii nini? Tupeleke picha ya jalala mbele ya watu? Yatoe haya."

Akanitazama. "Ami, nitoe bakigraundi yote?"

"Itoe yote. Weka mikoko."

Nilikaa naye studioni baada ya isha mpaka karibu na usiku wa manane, na nitaeleza niliyoyaona, kwa sababu wengi wetu tunazitazama picha hizi kila siku bila ya kujua zinavyopikwa. Picha ndani ya kompyuta si kitu kimoja. Huwekwa safu juu ya safu, kama shuka zilizotandikwa kitandani. Safu ya juu ni ndege, ya chini ni mandhari mapya, na baina yao hutiwa kitu wakiitacho maski. Hiyo maski nayo ni picha, ila haina rangi zaidi ya weupe na weusi na kijivu. Palipo peupe, ndege huonekana. Palipo peusi, hufichika, na kilicho chini yake kikatokeza. Palipo kijivu huonekana nusu, kama mtu aliye nyuma ya pazia la shashi. Kutoka weusi mtupu hadi weupe mtupu ziko daraja 256, na ustadi wote wa kazi uko katika kile kijivu.

Kukata picha ya kikombe ni rahisi, kwani kikombe kina ukingo. Ndege ana manyoya. Ncha ya unyoya haikatiki kama karatasi, huishia kidogo kidogo hata jicho lisijue pa kusema hapa ni ndege na hapa ni hewa. Na huyu wetu ana udhia zaidi, kwani ni mweupe, na nyuma yake palikuwa na maji yanayong'aa. Kompyuta yenyewe ilipoambiwa imtafute ndege ikamkata bawa ndege wa tatu na kumwongezea wa tano kipande cha maji kama kilemba. Kijana akashika kalamu yake ya umeme akatengeneza unyoya kwa unyoya. Halafu kuna rangi. Kitu kikikaa karibu na kitu hukopa rangi yake: tumbo jeupe la ndege huyu lilikuwa na ukahawia wa tope, na pembezoni mwake buluu ya plastiki. Ukimwondoa ndege mahali pake, huondoka na rangi ya mahali pale, na ukimpeleka pengine huonekana kama mtu aliyevaa nguo za kuazima. Hiyo nayo ikafutwa. Tena ile mikoko mipya ikafifizwa kidogo, kwa sababu lenzi ya kamera hushika kitu kilicho karibu tu, na cha mbali hukiacha na ukungu. Ndege aliye mbele ya mikoko mikali kama sindano hasadikiki. Mwisho akanyunyiza chembechembe ndogo juu ya mandhari yote zifanane na chembechembe za picha ya kwanza.

Miguu ilimshinda. Miguu ya ndege imeingia topeni, na kila mguu una kivuli chake. Akaamua kuliacha lile tope la mbele kama lilivyo, na vivuli vyake, akabadilisha kuanzia nyuma ya ndege kwenda juu. Mikoko ilitoka katika picha yake nyingine aliyoipiga Mida, kule Watamu, siku nyingine. Ilipokamilika nilisema mashaallah. Nilisema hivyo kweli.

Sasa nitoke kidogo kwenye kisa. Watu wa pwani hatukuanza jana mambo ya mandhari ya kubandika. Mimi picha yangu ya kwanza nilipigwa mwaka 1983, nimevaa kanzu na kofia ya kiua, nimesimama mbele ya pazia lililopakwa rangi: mnazi, na meli, na mwezi mkubwa kuliko meli. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa akiunganisha picha na picha katika studio yake hata akapata vitu ambavyo macho hayajapata kuviona duniani, na watu wakivipenda na kuvitundika majumbani. Na wapiga picha wa kivukoni Likoni, katika miaka ya 1990, walikuwa na vibanda vyenye mapazia ya miji mikubwa na ndege za abiria, na mtu aliyetoka bara kutafuta kazi Mombasa alipigwa hapo akaipeleka picha kwao. Nani alidanganywa? Hakuna. Pazia lilijulikana kuwa ni pazia. Mwezi wangu mkubwa kuliko meli haukuwahi kumpoteza nahodha.

Wala si sisi tu. Mfaransa John James Audubon aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake kikubwa cha ndege kilitoka kwa vipande kuanzia mwaka 1827 hadi 1838, na kina picha 435, alikuwa akiwaua ndege, akiwafunga kwa waya wakae mkao aupendao, kisha akiwachora. Majani na maua mengi yaliyo nyuma yao aliyachora kijana mdogo aitwaye Joseph Mason, ambaye alipofuatana naye mwaka 1820 alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu tu, na jina lake halikutiwa katika picha zilipochapishwa. Kwa hivyo ndege ni wa bwana na mandhari ni ya mtumishi, na watazamaji wa karne mbili wamemshukuru bwana peke yake.

Picha ya kamera ndiyo iliyoleta taabu, maana picha ya kamera watu huiamini. Mwezi wa Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoa picha ya mapiramidi ya Giza katika jalada lake. Picha yenyewe ilikuwa ya kulala, na jalada ni la kusimama. Wahariri wakatumia mashine ya kompyuta kuyasogeza mapiramidi mawili yakaribiane. Majengo yaliyokaa zaidi ya miaka elfu nne yakaondolewa mahali pake kwa ajili ya upana wa karatasi, na kelele zikapigwa. Wakati huo mashine hizo zilikuwa za matajiri. Mwaka 1990 ikaanza kuuzwa programu ya Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Mwaka 1994 ikatiwa safu nilizozieleza. Mwaka 2018 ikatiwa amri ya kumtambua mtu au mnyama aliyemo pichani kwa kubonyeza mara moja. Na tangu mwaka 2023 mtu huandika maneno tu, mathalan "weka mikoko", na programu ikabuni mikoko isiyowahi kuota popote. Kazi iliyomkesha mwana wa ndugu yangu, simu ya mkononi hujaribu kuifanya kabla hujameza mate. Bawa la ndege bado huikosea, lakini si daima.

Nirudi kwenye kikao.

Picha ilikuzwa, ikatiwa fremu, ikawekwa juu ya meza. Wazee wakaisifu. Upande wa pili alikuwako binti mmoja mtaalamu, mpole wa maneno, akaiinamia kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Wazee wangu, picha hii imepigwa hapa horini, na imepigwa saa ngapi?"

Mwana wa ndugu yangu akajibu kwamba ni hapa, asubuhi, wakati wa dhuha, naye ameelekea kibla.

Binti hakusema neno. Akaichukua ile picha akampa mzee aliyekuwa karibu naye, na mzee huyo ni wa upande wetu, ni muadhini wa msikiti wa kijiji, mtu ambaye kabla ya saa za ukutani kuenea alikuwa akiupima wakati wa adhuhuri na alasiri kwa kijiti na kivuli chake. Wasomaji wanajua kwamba huku kwetu mwenye kuelekea kibla ameelekea kaskazini, karibu sawasawa. Jua la asubuhi huwa mkono wake wa kulia, na la alasiri mkono wa kushoto. Mzee akaishika fremu kwa mikono miwili. Akaiangalia chini, akaiangalia juu. Yule ni mtu asiyejua kuficha neno hata likimkata.

"Ajabu," akasema. "Vivuli vya ndege vinakwenda kushoto, na vya mikoko vinakwenda kulia. Ndege wako katika dhuha, mikoko iko katika alasiri."

Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa nyuma yake akachungulia begani, naye pasi na nia mbaya akaongeza: "Na maji, je? Mbele yamekupwa mpaka kaa wanaonekana, nyuma yamejaa mpaka kwenye matawi."

Watu wakacheka. Waliocheka ni upande wa pili na baadhi ya vijana wetu. Mwenyekiti akauliza picha hii kaitengeneza nani. Mwana wa ndugu yangu akainuka, akasema, "Mimi." Hakusema ami yangu alinituma. Hakunitazama hata kunitazama. Nami nilikuwa nimekaa safu ya mbele, nimevaa koti langu la heshima, na sikuinuka.

Hilo ndilo nililosema aibu yake aliibeba asiyestahiki. Wale ndege sitini na wanne walikuwa wa kweli, walisimama pale pale penye tope lile, na baada ya siku hiyo hapakuwa na mtu wa upande wa pili aliyelazimika kuwajibu. Walikuwa wamekwisha kuwa kichekesho.

Usiku huo sikulala, na asubuhi nikaenda kwa mwalimu wangu wa chuoni, ambaye sasa ni mtu mzima sana na macho yake yamefifia, hawezi tena kuiona picha yoyote. Nikamweleza yote. Nilidhani atanifungulia mlango wa hukumu ya picha, kwani jambo hilo maulamaa wamelizungumza sana: wako waliokataza picha za viumbe wenye roho kabisa, na wako waliopambanua, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye hoja yake ni kwamba picha ya kamera haikuumba kitu, imezuia tu kivuli ambacho Mwenyezi Mungu keshakiumba. Mwalimu hakugusa huko. Akaniuliza kama nimesahau kisa cha hudihudi.

Nani asiyekijua? Nabii Suleiman aliwakagua ndege, hudihudi hayupo. Akatishia kumwadhibu asipoleta udhuru wa wazi. Hudihudi akaja na habari ya nchi ya Sabai na malkia wake, akazieleza kwa yakini. Na Nabii Suleiman, pamoja na kufahamishwa lugha ya ndege, hakuisadiki habari papo hapo wala hakuikadhibisha. Alisema wataangalia kama amesema kweli au ni katika waongo, akampa barua aipeleke. "Sasa wewe," akasema mwalimu, "ulimshika hudihudi ametoka Sabai, ukamfuta Sabai, ukampeleka mbele ya kadhi ukasema huyu ametoka peponi. Kadhi afanye nini?"

Halafu akanikumbusha somo tulilolisoma kwake nikiwa kijana, la elimu ya hadithi, ambamo maneno yenyewe huitwa matini, na mlolongo wa walioyapokea huitwa isnadi. Matini yaweza kuwa mazuri ya kuliza, lakini akiondolewa mpokezi mmoja dhaifu kimya kimya ili mlolongo upendeze, jina lake ni tadlisi, na wenye elimu hiyo walikuwa wakali mno juu yake. Nikamwambia, hata kama matini ni sahihi? Akasema hapo ndipo penye msiba, kwani umeyatia ila yasiyokuwa nayo. Gurudumu bovu, akasema, lilikuwa ni mpokezi wako. Mchafu, lakini alikuwapo.

Ama katika elimu ya ndege jambo hili lina historia ndefu kuliko kompyuta, na mtu wake mashuhuri zaidi anajulikana Kenya kwa jingine. Richard Meinertzhagen ni yule afisa wa Kiingereza aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Baadaye akawa bingwa wa ndege, akaandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Arabuni kilichotoka mwaka 1954, na mwaka huo huo akaikabidhi makumbusho ya London ngozi zake za ndege, kama 20,000, kila moja ikiwa na kikaratasi mguuni kinachosema amepatikana wapi na lini. Alifariki mwaka 1967 na sifa zake zote. Ilikuwa katika miaka ya 1990 ndipo wataalamu, wakiwamo Pamela Rasmussen na Robert Prŷs-Jones, walipozichunguza ngozi hizo, mishono yake na pamba zilizotiwa ndani, wakagundua kwamba nyingi hakuzipata yeye. Aliziiba katika mikusanyo ya watu wengine na makumbusho, akazishona upya, akazifungia vikaratasi vipya. Ndege ni wa kweli, manyoya ni yake, rangi ni yake. Mahali ndipo pa uwongo.

Uwongo huo ulikuwa na bei. Yuko bundi mmoja mdogo wa misitu ya India ambaye mara ya mwisho alipatikana kwa hakika mwaka 1884. Meinertzhagen alikuwa na ngozi moja ya bundi huyo, na kikaratasi kinasema mwaka 1914, mahali paitwapo Mandvi, katika Gujarat. Watu wakamtafuta huko wasimwone. Wengi wakakata tamaa, wakadhani ametoweka ulimwenguni. Ilipothibitika kwamba ngozi ile ni ya wizi na kikaratasi chake ni cha kubuni, Rasmussen na wenzake wakaiacha Gujarat, wakafuata ngozi za zamani zenye vikaratasi vya kweli, na mwezi wa Novemba 1997 wakamkuta bundi huyo karibu na mji wa Shahada, katika Maharashtra, mchana, yuko juu ya mti mtupu usio na majani. Zilikuwa zimepita miaka 113. Alikuwa hai muda wote huo katika mandhari yake mwenyewe, na watu walikuwa wakimtafuta katika mandhari aliyobandikiwa.

Hapa kwetu Kilifi tunaye ndege ambaye hapatikani popote pengine duniani, mnana wa Clarke, wa msitu wa Arabuko-Sokoke na wa Dakatcha. Aliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1913, na kiota chake hakikupatikana mpaka mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ndani ya manyasi ya majini. Miaka mia. Picha ya ndege huyu juu ya mandhari meupe safi ni picha ya ndege wa manjano. Picha yake pamoja na yale manyasi na yale maji machafu ni habari ambayo watu waliingoja karne nzima. Nikiyafikiri haya naona jinsi nilivyokuwa mjinga kudhani kwamba ndege ndiye picha na yaliyobaki ni pazia.

Sikatazi studio. Mwana wa ndugu yangu angali akibandika maarusi mbele ya maporomoko ya maji na bustani za Ulaya, na bwana harusi aliyempa kazi anajua wazi kwamba hakufika. Hata kadi ya Idi yenye ndege na mwezi mwandamo sina neno nayo. Mashindano makubwa ya picha za wanyama yenyewe huwataka washiriki wa mwisho walete faili la kwanza kama lilivyotoka ndani ya kamera, wakalilinganisha na picha iliyoletwa, na nadhani huo ni uadilifu unaotosha: asili iwepo, na atakaye aione.

Na asili ilikuwapo. Siku nane baada ya kikao nilikwenda studioni, nikamwomba radhi kijana mbele ya wafanyakazi wake, naye akaona haya kuliko mimi. Akafungua faili lile la kwanza. Kamera huandika ndani yake tarehe na saa bila ya kuambiwa, na vyote viwili vilikuwamo. Tukaitazama tena ile picha chafu, na safari hii hatukuwatazama ndege. Tuliutazama ule ukuta wa matofali.

Ukuta ulikuwa umesimama ndani ya mstari wa maji. Chini yake, matofali ya safu tatu yalikuwa na chaza. Chaza hawashiki ukuta kwa siku mbili. Na makaratasi ya upande wa pili, kama nilivyotangulia kusema, yaliapa kwamba hakuna jiwe lililokwisha kuwekwa.

Mimi ndiye niliyesema, "Itoe yote."

Tukaipeleka picha kwa mwenyekiti kama ilivyo, na faili lake, na barua niliyoiandika na kuitia sahihi, inayosema aliyeamrisha ile ya kwanza ibadilishwe ni mimi, si kijana. Yule binti mtaalamu aliisoma barua mbele yangu, akauliza kama anaweza kupata nakala ya picha, akapewa. Shauri likaahirishwa ili wajumbe waende wakaone kwa macho yao, na mpaka ninapoandika haya hawajakwenda. Muadhini nilimfuata nyumbani kumtaka radhi. Akanambia hana haja ya radhi, ana haja ya picha ile yenye jalala aitundike barazani, na sasa imetundikwa, na watoto wa chuo wakipita humo huhesabu ndege, na kila mmoja hupata idadi yake.

Mwezi wa Agosti walirudi. Mwana wa ndugu yangu akanipigia simu kutoka horini, asubuhi mapema, akisema kwa kunong'ona.

"Ami, wamekuja. Lakini lile gurudumu liko mbele yao kabisa, na mmoja amepanda juu yake. Nisogee?"

Nikamwambia asisogee.